Jack Bauer, Mpeketoni na Uongo wa Saa Inayokimbia

Usiku wa Jumatatu, Juni 16, 2014, televisheni ya Fox nchini Marekani ilionyesha sehemu ya nane ya tamthilia ya 24: Live Another Day. Kwa saa zetu ilikuwa tayari Jumanne, saa kumi alfajiri. Katika sehemu hiyo Rais wa Marekani, James Heller, anatembea peke yake hadi katikati ya uwanja wa Wembley, London, anasimama kwenye nyasi na kungoja kombora limshukie. Saa hizohizo, huku Kaunti ya Lamu, Mpeketoni ilikuwa kwenye msiba wa watu waliouawa Jumapili usiku, na vijiji vya jirani, Majembeni na Poromoko, navyo vilikuwa vimevamiwa.

Ni sadfa, wala sitaki kuifanya muujiza. Tamthilia ilikuwa imeshaandikwa na kupigwa picha zamani. Lakini nimeirudia sehemu ile mara kadhaa tangu hapo, nyingine nikiwa peke yangu, nyingine na watu wa barazani, kompyuta ikiwa juu ya kiti cha plastiki. Kila nikiirudia naona kwamba hakuna saa nyingine ya televisheni inayoonyesha vizuri hivi namna wenye mamlaka wanavyopenda kuufikiria ugaidi, na wapi fikra hiyo inapopotoka.

Kwa asiyeifuata: 24 ilianza Novemba 2001, wiki chache baada ya minara ya New York kuanguka, ingawa ilitungwa kabla ya hapo. Ubunifu wake ulikuwa mmoja, na ulikuwa mkubwa. Kila sehemu ni saa moja ya siku, msimu mzima ni siku moja, na saa ya tarakimu za manjano hujitokeza kila baada ya muda ikipiga sekunde kwa mlio ambao ukishausikia haukutoki masikioni. Jack Bauer, aliyeigizwa na Kiefer Sutherland, ni ofisa wa kupambana na ugaidi anayekimbizana na saa hiyo. Hali, halali, wala hatujamwona akienda chooni. Mashabiki wamelicheka hilo miaka yote.

Msimu wa London ulikuwa wa tisa, na mfupi, sehemu 12 tu. Adui ni Margot Al-Harazi, mama wa Kiingereza, mjane wa gaidi aliyeuawa na droni ya Marekani. Amepata njia ya kuziteka droni za jeshi la Marekani na kuziendesha atakavyo, na anatishia kuichoma London mpaka Heller, ambaye kwake ndiye mwenye damu ya mumewe, ajitoe mwenyewe. (Mtazamaji wa Pwani ya Kenya akimwona mjane huyu hawezi kuacha kumkumbuka Mwingereza mwingine, wa kweli, Samantha Lewthwaite, ambaye Interpol ilimtolea ilani ya kutafutwa Septemba 2013 kwa ombi la Kenya. Kuna kipindi magazeti ya kwao yalimtafutia nafasi katika kila mlipuko, kuanzia Mombasa hadi Mogadishu. Watunzi wa Hollywood na wahariri wa London walikuwa wanakunywa kisima kimoja.)

Heller ni mzee, na ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu ambao umma haujaambiwa. Anaamua kwenda. Anamwomba Jack amtoroshe bila walinzi wake kujua, anamuaga binti yake bila kumwambia kuwa anaaga, kisha tunamwona uwanjani. William Devane anaigiza pale kwa miguu zaidi kuliko kwa mdomo. Mzee anatembea kama mtu aliyemaliza kazi. Viti maelfu kwa maelfu vitupu, mtu mmoja kwenye kijani, na macho ya droni yanayomtazama kutoka juu. Kama ungeniuliza ni picha gani ya tamthilia za miaka ile itakayodumu, ningeitaja hii bila kufikiri mara mbili. Kombora linashuka, na saa inapiga hadi mwisho.

Juma lililofuata tukaambiwa Heller hakufa. Chloe O'Brian, fundi wa kompyuta wa Jack, alikuwa amechukua sekunde chache za mkanda wa rais akiwa amesimama, akazirudisharudisha kwenye kioo cha Margot, kombora likapiga mahali ambapo mtu alishaondoka. Droni nyingine Margot alikuwa ameshaziangusha kama alivyoahidi. Alipogundua amechezewa, akaielekeza iliyobaki kituo cha treni cha Waterloo. Jack akamwahi, na kombora likaishia mtoni Thames.

Nakubali ni usanii mzuri. Sina ugomvi na droni kutekwa, wala na rais kujitoa kwa ajili ya raia, ingawa hilo la pili ndilo lililowachekesha zaidi wenzangu wa barazani. Ugomvi wangu ni na ile saa ya manjano. Kila kitu katika 24 kinasimama juu ya imani kwamba kinachokosekana ni muda. Taarifa zitapatikana, watu wapo, vyombo vipo, kila mmoja kwenye kiti chake anaijua kazi yake na anaifanya kwa jasho. Kinachotishia ni dakika. Na dakika zisipotosha, basi lazima yupo msaliti ndani ya jengo: msimu wa kwanza alikuwa Nina Myers, na huku London alikuwa Steve Navarro, mkuu wa ofisi ya CIA mwenyewe. Msimu wa tano msaliti alikuwa Rais Charles Logan, na ndio msimu uliochukua tuzo ya Emmy ya tamthilia bora mwaka 2006. 24 inaujua usaliti kwa rangi zake zote. Uzembe haiujui hata kidogo.

Hebu sasa turudi Mpeketoni. Jumapili ile ya Juni 15 ilikuwa siku ya nne ya Kombe la Dunia la Brazil na watu walikuwa kwenye kumbi za video wakitazama mpira. Wavamizi waliingia mjini kwa magari, wakashambulia kituo cha polisi, wakachoma hoteli na maduka, wakawatenga wanaume na kuwaua. Usiku uliofuata wakavamia vijiji. Waliokufa katika siku mbili hizo walizidi 60. Al-Shabaab wakasema ni wao.

Jumanne, Juni 17, saa chache tu baada ya Heller kusimama Wembley, Rais Uhuru Kenyatta alilihutubia taifa. Alisema mambo mawili. La kwanza lilibeba vichwa vya habari vyote: kwamba haikuwa kazi ya al-Shabaab bali ya mitandao ya kisiasa ya hapahapa, iliyopanga mauaji ya kikabila. La pili lilipita upesi. Alisema taarifa za kijasusi kuhusu uwezekano wa shambulio ziliwafikia maofisa wa usalama wa eneo hilo kabla, hawakuzifanyia kazi, na kwa hiyo wahusika wamesimamishwa na watashtakiwa.

Soma tena hilo la pili. Dakika zilikuwepo. Onyo lilitoka lilikotoka, likafika mezani kwa anayehusika, likakaa hapo. Hakuna saa iliyokuwa ikikimbia; ilikuwa imesimama ikimngoja mtu ainuke. Baadaye Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, nayo ilikosoa jinsi polisi walivyoitikia shambulio lile, kwa kuchelewa kwao na kwa uongozi wao usioratibiwa. Lakini mjadala wa nchi ulikuwa umeshachukua njia nyingine. Tulikuwa tunamtafuta Nina Myers wetu.

Na tukampata, au tuseme serikali ilimpata. Juni 25 Gavana wa Lamu, Issa Timamy, alikamatwa kwa kuhusishwa na mauaji yale. Mji ulishtuka. Aliachiliwa kwa dhamana, na kesi dhidi yake haikufika popote, ikaondolewa. Mwaka 2022 wapigakura walimrudisha kwenye kiti kilekile, na huo unaweza kuuhesabu kuwa uamuzi wa jopo lao.

Sisemi siasa haikuwemo Lamu. Asiyejua siasa ya ardhi ya Lamu hajui lolote juu ya Lamu. Mpeketoni ilikua kutokana na mpango wa makazi wa Ziwa Kenyatta wa miaka ya 1970, ulioleta familia nyingi kutoka bara, wakati Waamu, Wabajuni na Waboni wengi waliishi na wanaishi bado bila hatimiliki ya pale walipozaliwa babu zao. Ulipotangazwa mradi wa bandari na barabara wa LAPSSET, ambao ulizinduliwa Machi 2012, ardhi ikapanda thamani, na watu wasiowahi kukanyaga miji yetu ya Hindi wala Witu wakatokea na makaratasi. Mwishoni mwa Julai 2014, wiki sita baada ya mauaji, Rais alitangaza kufutwa kwa hatimiliki za ekari zipatazo 500,000 zilizotolewa kwa kampuni 22 mwaka 2011 na 2012. Kwa hiyo, naam, palikuwa na moto chini ya majivu, na yeyote aliyetaka kuupuliza aliupata.

Ila angalia kilichotokea kwenye simulizi. Katika muda wa wiki sita kisa kile kilikuwa cha magaidi, kikawa cha kabila, kikawa cha gavana, kikawa cha ardhi. Kila toleo lilikuwa na chembe ya ukweli na kila moja lilimpeleka mtazamaji mbali zaidi na ile meza yenye ripoti. Ni kama ule mkanda wa Chloe: picha ya kweli kabisa, lakini mtu anayetazamwa ameshaondoka. Tofauti ni kwamba kwenye tamthilia mkanda ule uliwaokoa watu.

Ningeweza kuambiwa Mpeketoni ni kisa kimoja. Aprili 2, 2015, Chuo Kikuu cha Garissa kilivamiwa alfajiri na watu 148 wakauawa. Pale kweli saa ilikuwa inakimbia, na kila saa moja ilikuwa na majina ya watoto wa watu. Kikosi maalumu cha Recce kilichukua saa nyingi kufika kutoka Nairobi, tukaja kujua ndege ya polisi ilikuwa imetumika kwa safari ya kifamilia. Hapana msaliti hapo. Hapana mjane mwenye droni. Kuna ndege iliyokuwa kwenye shughuli nyingine.

Na msidhani hili ni gonjwa letu sisi peke yetu. Januari 5, 2020, kabla ya jua kuchomoza, al-Shabaab walivamia kambi ya Manda Bay kule Magogoni, ambako wanajeshi wa Marekani wanakaa na wa Kenya. Mwanajeshi mmoja wa Marekani na wakandarasi wawili waliuawa, ndege zikaungua kwenye kiwanja. Hawa ndio wenye macho yale ya angani tuliyoyaona Wembley. Ndege za upelelezi zilikuwa zinaruka kutoka hapohapo. Uchunguzi wa jeshi lao wenyewe, uliotolewa Machi 2022, haukutaja ukosefu wa dakika. Ulitaja mazoea: watu waliokaa muda mrefu bila kuguswa wakaacha kuamini kwamba wanaweza kuguswa. Siku tatu tu kabla, basi la abiria lilikuwa limeshambuliwa Nyongoro, kwenye barabara hiyohiyo ya Lamu.

Barabara ile inastahili maneno machache, maana ndiyo hasa inayoonyesha muda wetu ulivyo. Basi la kutoka Mombasa linafika Gamba, linasimama, dereva anazima injini. Tunangoja eskoti. Msafara hauondoki mpaka magari yatimie na askari wawe tayari, na hakuna anayejua watakuwa tayari lini. Wauza mahamri wanapita madirishani. Mtoto analia, mama yake anampepea kwa kitambulisho, kwa sababu kitambulisho kiko mkononi tangu asubuhi. Kimeshatolewa kwenye vizuizi vya nyuma na kitatolewa tena mbele. Abiria wanashuka, wanapanga mstari, wanaonyesha, wanapanda. Ofisa anayetazama kadi anatazama jina kuliko sura, na majina mengine yanatazamwa muda mrefu kuliko mengine. Hapa ugaidi haukimbii kabisa. Umegeuka utaratibu.

Mtu anaweza kuniuliza kwa nini nainyima tamthilia haki yake ya kuwa tamthilia. Saa inayokimbia ni chombo tu cha kusisimua, kwa nini niichukulie kama sera? Kwa sababu waliitunga sera juu yake. Baraza moja la wazazi nchini Marekani, Parents Television Council, lilihesabu matukio 67 ya mateso katika misimu mitano ya kwanza ya 24, na karibu kila mara sababu ilikuwa moja: hakuna muda wa kufuata sheria. Novemba 2006 Brigedia Jenerali Patrick Finnegan, mkuu wa masomo wa chuo cha kijeshi cha West Point, alifunga safari hadi California kuwaomba watayarishaji wapunguze, maana vijana wake darasani walikuwa wameanza kuamini. Mwaka uliofuata, kwenye mkutano wa majaji mjini Ottawa, Jaji Antonin Scalia wa Mahakama ya Juu ya Marekani alimtaja Jack Bauer kwa jina na kuuliza ni mahakama gani ingemtia hatiani mtu aliyeiokoa Los Angeles. Jaji wa ngazi hiyo akitetea hoja kwa mfano wa mtu asiyekuwepo, aliyeokoa mji ambao haukushambuliwa!

Kwetu hatukuhitaji kumtaja Bauer, tulikuwa na wetu. Septemba 2015 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, KNCHR, ilitoa ripoti yenye visa zaidi ya 120 vya ukiukaji wa haki katika vita dhidi ya ugaidi, vikiwemo 25 vya mauaji nje ya sheria na 81 vya watu kutoweka. Jack akimtesa mtu, saa ya manjano inapiga, jina linatoka, bomu linazuiwa, tunasonga mbele. Mtu aliyechukuliwa usiku na gari lisilo na namba hana saa inayopiga wala sehemu inayofuata. Mama yake anazunguka vituo vya polisi akiulizwa na yeye kama ana picha ya mwanawe.

Na Bunge nalo likaangukia kwenye haraka hiyohiyo. Desemba 2014 mswada wa kurekebisha sheria za usalama ulipitishwa mbiombio, wabunge wakigombana na kumwagiana maji ukumbini mbele ya kamera. Februari iliyofuata Mahakama Kuu ikazifuta sehemu nane za sheria hiyo kwa kupingana na Katiba, ikiwemo ile iliyovibana vyombo vya habari. Ukimwuliza mbunge wa siku ile kwa nini hawakungoja, atakujibu kama Bauer: hapakuwa na muda. Lakini Garissa, miezi minne baada ya mswada ule, haikukosa sheria. Ilikosa ndege.

Sasa nirudi London, kwa sababu kuna jambo kwenye ule msimu ambalo limenikaa zaidi kuliko Wembley yenyewe. Siku moja tulipokuwa tunatazama pale Heller anapotoroshwa, nahodha mmoja mzee, aliyekuja barazani kwa kahawa na si kwa Jack Bauer, aliinama akaikodolea macho ile skrini iliyogawanywa vipande: rais huku, Jack kule, Margot pale, saa katikati.

"Mwanangu," akaniuliza, "na hao watu wa mui wao, nani amewaambia?"

"Hawajaambiwa, mzee."

"Mji wote?"

"Mji wote."

"Aa," akasema, akachukua kikombe chake. "Haya, endeleeni."

Nimesoma uchambuzi mwingi wa tamthilia ile, wa Waingereza na wa Wamarekani, na hakuna niliyemwona akigusa pale alipogusa nahodha kwa swali lile. Skrini imegawanywa vipande vinne na hakuna hata kimoja chenye mtu wa kawaida wa London. Mamilioni ya watu wamewekwa rehani na kukombolewa ndani ya saa moja bila kuulizwa wala kuarifiwa. Wanatokea tu wanapokuwa shabaha, kule Waterloo, wakiwa na mabegi yao, hawajui. Mtunzi anawaona kama mizigo iliyo ndani ya jahazi, si kama mabaharia.

Lamu tunaijua nafasi hiyo. Sehemu ya mwisho ya msimu ule ilionyeshwa Julai 14, 2014, na humo watunzi walifanya jambo ambalo hawakuwahi kulifanya: katikati ya sehemu, saa inaruka muda wa saa 12, kutoka usiku hadi asubuhi ya pili, kwa sababu Jack hakuwa na la kufanya usiku ule. Siku chache baadaye, baada ya mashambulio mengine kaunti hii, Inspekta Jenerali David Kimaiyo alitangaza kafyu ya Lamu kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Saa 12 kamili. Zilezile ambazo televisheni iliziruka, sisi tukatakiwa kuzikaa ndani.

Kafyu ilianguka kumi la mwisho la Ramadhani. Magharibi ikiingia mtu anafuturu, na akishafuturu ameshafungiwa. Tarawehe na visimamo vya usiku, nyakati ambazo msikiti wa mji huu hujaa hadi nje, vikawa jambo la kuombewa ruhusa. Mvuvi wa jarife hutega jua likizama na kuvuta kabla halijatoka. Ukimwambia arudi na jua na aondoke na jua umemwambia asivue, hata kama hujalitamka. Mji mzima wa Amu na njia zake nyembamba ambazo gari haliingii ukawekwa chini ya amri moja na Mpeketoni iliyo bara, na Kiunga, na Witu, kana kwamba anayekuja kutoka msitu wa Boni atapitia mtaani kwetu Mkomani kununua halua. Amri ikaongezwa, na ikaongezwa tena. Wageni walishaondoka, mahoteli ya Shela yakapunguza watu, na vijana waliopunguzwa wakakaa nyumbani usiku na mchana. Kama kuna mtu alikuwa anatafuta vijana wenye hasira na wasio na kazi, mtu huyo hakufanywa apate shida.

Nasema haya si kwa sababu naamini hatari haikuwepo. Ilikuwepo, bado ipo, na askari wengi wamekufa kwenye barabara zetu kwa mabomu ya kutegwa ardhini, wengine vijana wadogo waliotumwa huku bila hata kujua Lamu iko upande gani wa ramani. Operesheni ya Linda Boni iliyoanza Septemba 2015 haikuwa maigizo. Lakini hatua iliyomgusa kila mtu Lamu ndiyo iliyokuwa rahisi kutangaza, kuliko ile ya kumwuliza ofisa mmoja kwa nini hakuinua simu. Kafyu inaonekana kwenye habari za saa moja. Ofisa anayejibu maswali mbele ya tume haonyeshwi popote, wala hana muziki wa kumsindikiza.

Hivi karibuni nimesikia tena watu wa filamu wakisema Lamu ni mahali pazuri pa kutengenezea tamthilia ya ujasusi: bahari, majahazi, mpaka wa Somalia pale karibu, kambi ya Wamarekani, bandari mpya ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Vyote vipo, kweli. Najua watakachokifanya pia. Atatafutwa mzungu mmoja na mwenzake wa Nairobi, punda watapita mbele ya kamera, kijana wa Kibajuni atakuwa mtoa habari na atauawa sehemu ya tatu.

Kama wangeniuliza, ningewapa sehemu moja tu, ya dakika 45 kamili. Ofisi ya serikali, feni juu, kalenda ya benki ukutani. Karatasi inaletwa ndani ya bahasha. Ofisa anaisoma hadi mwisho, anaielewa vizuri, kwa sababu si mjinga. Anampigia mkubwa wake, mkubwa yuko mkutanoni. Anafikiria gari lisilo na mafuta na vocha ya mafuta iliyorudishwa mara mbili. Anafikiria mara ya mwisho alipopeleka onyo likawa si kweli na alivyochekwa. Chai inaletwa. Nje, kwenye ukumbi wa video, watu wameshaanza kulipa viingilio vya mpira. Nadhani ukiandika vizuri, mtazamaji atajikuta anaipigia kelele televisheni kuliko alivyowahi kumpigia Jack Bauer. Sidhani kama Fox wangeinunua. KBC, televisheni ya taifa, nao watataka kwanza kujua huyo ofisa ni wa kituo gani.